Chenga za Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea vya malaria, kwenye slaidi: rangi inagandana wapi, na nifanyeje?

"Mtaalamu, niko maabara ya zahanati, niko peke yangu. Siku hizi slaidi zangu za malaria zinajaa vidoti vya zambarau vyeusi vyeusi, vingine vinafanana kabisa na trofozoiti changa (kimelea kikiwa bado kidogo) mpaka naogopa kutoa majibu. Nachanganya Giemsa ya 10% asubuhi natumia mpaka jioni maana tunabana matumizi. Maji ni ya kisima, vidonge vya bafa, vile vya kushikilia pH (kiwango cha asidi au alkali ya maji), ninavyo ila pH sijapima muda. Aliyenifundisha aliniambia nitikise chupa vizuri kabla ya kutumia, na rangi ikififia niongeze matone. Nimefanya hivyo na hali imezidi kuwa mbaya. Chupa imeharibika au ni mimi?"

Ndugu yangu, kwanza hiyo hofu yako iko mahali pake, usiiache. Kidoti cha rangi ukikiita kimelea, mtu anakunywa dawa ya malaria huku homa yake ya kweli, labda nimonia, labda kitu kingine, inaendelea kumla taratibu. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa jibu la "malaria ipo" kwa slaidi ya mtoto, kesho yake narudia kuiangalia nikakuta vidoti vilevile viko pembeni ya kioo, pale ambapo hakuna damu kabisa. Nilitafutana na yule mama siku nzima. Tangu hapo chenga za Giemsa sizichukulii poa hata kidogo.

Unavyoniuliza kama ni chupa au ni wewe, naona kuna mambo matatu hapo yamekutana: rangi inayokaa ndani ya maji kutwa nzima, chupa inayotikiswa, na maji ya kisima. Yote matatu mwisho wake ni mmoja, yanazisaidia molekuli za rangi zishikane zenyewe kwa zenyewe badala ya kwenda kushika kimelea. Chupa inaweza kuwa imeharibika pia, hilo tutalijua kwa kupima sio kwa kubahatisha.

Sasa ngoja nianze na kitu ambacho wengi tunafundishwa nusu nusu. Tunaambiwa Giemsa ni "rangi" kama vile ni kitu kimoja kilichoyeyuka kama chumvi kwenye maji. Sio. Ndani ya ile chupa kuna makundi mawili yenye chaji zinazopingana. Kuna rangi za bluu, metilini bluu na ndugu yake azuri B, hizi zina chaji chanya, halafu kuna eosini, nyekundu, yenye chaji hasi. Daktari Romanowsky kule St Petersburg mwaka 1891 alionyesha kwamba ukizikutanisha hizi mbili kiini cha kimelea kinatoka na rangi ya zambarau ambayo hakuna hata moja kati yake inayoitoa ikiwa peke yake, na mkemia Gustav Giemsa kule Hamburg mwaka 1904 akatoa mchanganyiko unaokaa chupani bila kuharibika haraka, ndo huu tunaoutumia mpaka leo. Ile zambarau inatokea hivi: azuri B inakwenda kukaa kwenye DNA ya kimelea, maana DNA ina chaji hasi, halafu eosini inakuja kujiunga nayo palepale.

Umeona hapo? Kile unachokitaka, yaani azuri na eosini zikutane, ndo hichohicho kinachokuharibia kazi kikitokea sehemu isiyo yake. Zikikutania juu ya kromatini, yaani ile DNA ya kimelea, umepata kimelea kizuri. Zikikutania ndani ya kopo umepata chenga. Tangu sekunde unapomimina stoki (Giemsa ya chupani ambayo haijachanganywa na maji) kwenye maji, mbio zimeanza, na wewe kazi yako yote ni kuhakikisha kimelea kinapata rangi kabla rangi haijajimaliza yenyewe.

Kwa nini zinashikana? Hizi molekuli ni bapa, kama visahani. Upande wake ule mpana hauna mapenzi na maji. Maji yanapenda kushikana yenyewe, kwa hiyo kisahani kikiwa peke yake ndani ya maji kinayalazimisha maji yajipange kukizunguka, viwili vikilaliana uso kwa uso sehemu ya kuzungukwa inapungua na maji yanapumua. Kwa hiyo hata azuri na azuri, zenye chaji moja zinazosukumana, zinalaliana mbili mbili zikiwa nyingi kwenye maji. Je azuri na eosini ambazo zaidi ya kuwa bapa, chaji zao pia zinavutana? Hizo zikikutana chaji zinafutana, kinabaki kitu kisicho na chaji kisichotaka maji, kinaongezeka kingine juu yake na kingine tena, mpaka unapata chenga unayoiona kwenye hadubini.

Kuna mtu ataniuliza mbona kwenye chupa ya stoki hazigandani na zimejaa tele. Swali zuri sana, na jibu lake linashangaza kidogo. Stoki ni methanoli na gliseroli nusu kwa nusu, fomula inayotumika sana ni gramu 3.8 za unga kwa mililita 250 za kila kimoja. Ukiangalia mvuto wa chaji peke yake, ndani ya methanoli chanya na hasi zinatakiwa zivutane kwa nguvu zaidi kuliko ndani ya maji, kwa sababu maji yanapunguza mvuto wa chaji kama mara 80 na methanoli kama mara 33 tu. Ungetegemea zigande kwenye methanoli ziyeyuke kwenye maji. Inakuwa kinyume! Maana yake kinachozigandisha hasa sio chaji peke yake, ni maji kuukataa ule ubapa. Methanoli haiukatai, inaukumbatia, kila molekuli inaogelea kivyake. Ndo sababu tone la maji likiingia kwenye chupa ya stoki, kwa pipeti yenye unyevu au kwa kurudisha rangi iliyobaki kwenye kopo (naomba usifanye hivyo kamwe, hata kama inauma kuimwaga), ugonjwa unakuwa umeingia chupani. Na methanoli inavuta unyevu wa hewani pia, kwa hiyo mlioko pwani mfuniko ukae umekazwa muda wote.

Kama unataka kuiona hii kitu kwa macho yako, na nakushauri uione maana ukishaiona hutasahau, maabara nyingi zinazopima TB zina metilini bluu ya 0.3%. Chukua tone dogo weka kwenye slaidi, funika kwa kava slipi, inua uangalie kwenye mwanga wa dirisha. Halafu chukua mililita 0.1 ya rangi hiyohiyo, ongeza maji ya distili mpaka mililita 100, mimina kwenye mrija usio na rangi mpaka kina cha kama sentimita 3 na uangalie kutoka juu kwenda chini ukiwa umeweka karatasi nyeupe chini yake. Chini ya kava slipi ni utando wa kama sehemu 3 za mia za milimita, kwenye mrija ni mara elfu kwa urefu na mara elfu kwa wepesi, kwa hiyo mwanga umepita kwenye molekuli karibu idadi ileile. Kama rangi ingekuwa kitu kisichobadilika ungeona kivuli kilekile. Huoni hivyo. Ile nzito inavuta kuelekea zambarau, ile nyepesi ni bluu ya anga inayokaribia kijani. Molekuli ikiwa peke yake inameza mwanga zaidi pale kwenye nanomita 664, zikilaliana mbili zinameza zaidi karibu na 610, basi jicho linaona tofauti. Kwenye ile nzito zaidi ya theluthi mbili ya molekuli zimelaliana, kwenye ile nyepesi karibu zote ziko peke yake. Hakuna dawa iliyoongezwa hapo, ni wingi tu ndani ya maji.

Basi rudi kwenye 10% yako ya kutwa. Nusu saa ya kwanza macho hayaoni kitu, lakini ndani vipande vidogo vidogo vinaanza kujijenga, na kikishapatikana kipande kidogo kinakuwa kama mbegu, kinachofuata kinakua juu yake kwa urahisi zaidi kuliko kuanza upya. Saa nne asubuhi juu ya kopo ushaona utando unaong'aa kama mafuta, hiyo ndo rangi yako imeshatoka majini. Mchana inaonekana "imefifia", sio kwamba imeisha, imeondoka kwenye maji ikageuka chenga, sasa wewe unaongeza matone, yaani unazipelekea zile mbegu chakula. Ndo maana ilizidi kuwa mbaya. Rangi ikishachanganywa na maji itumie ndani ya kama dakika 15, inayobaki imwage, na kuichuja hakusaidii sana maana unatoa zile kubwa tu na nyingine zinajijenga nyuma yako.

Najua utasema stoki ni ghali na mnabana. Sikubishii, ila piga hesabu hii. Slaidi moja iliyolala inataka kama mililita 3. Slaidi 4 ni mililita 12, humo stoki ni mililita 1.2 tu. Ukitengeneza kidogo kidogo kwa slaidi zilizopo mezani, mwisho wa siku mara nyingi unakuta umetumia stoki pungufu kuliko lile kopo la asubuhi unaloliongezea matone mpaka jioni.

Habari ya kutikisa chupa, aliyekufundisha hakukudanganya kwa makusudi, nadhani mambo mawili yalichanganyika. Wakati wa KUTENGENEZA stoki kutoka kwenye unga ni lazima kutikisa, tena na shanga za kioo, mara kadhaa kwa siku kwa siku kadhaa, ili unga uyeyuke. Wakati wa KUTUMIA hautikiswi kabisa, kwa sababu chini ya chupa pametulia masalia ambayo hayakuyeyuka na ukitikisa unayapandisha yote, tena yanaingia majini tayari yakiwa mbegu. Iache chupa itulie, kila asubuhi chota kiasi cha siku kutoka juu kwa dropa kavu, uchuje kwa karatasi ya kuchujia kwenda kwenye kichupa kidogo kikavu, utumie hicho.

Sasa maji, hapa ndo penye utamu na ndo watu wanapakosea zaidi. Kisima sijui kiko wapi, lakini kama uko pwani au visiwani, ardhi yenu ni mawe ya matumbawe, maji yake yanakuja na kalsiamu na baikaboneti nyingi na pengine chumvi ya bahari pia. Baikaboneti inapandisha pH. Chumvi yenyewe inafanya kitu kingine, inazizungushia chaji kitu kama pazia. Kwenye maji safi kabisa azuri mbili zinahisi msukumano wa chaji kwa mbali kidogo, weka chumvi kiasi na lile pazia linashuka mpaka nanomita moja hivi, msukumano unakufa, zinalaliana. Ukisikia watu wanaosomea rangi wanasema chumvi inagandisha rangi ndo hii wanaisema. Ila kwa azuri na eosini pazia hilohilo linapunguza pia mvuto, kwa hiyo siwezi kukuambia kila chumvi inazidisha chenga, inategemea. Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni kalsiamu. Kidonge chako cha bafa ni fosfeti, ukikiweka kwenye maji yenye kalsiamu nyingi vinaweza kuungana vikatoa vumbi jeupe laini sana la kalsiamu fosfeti, na vumbi hilo nalo ni sehemu nzuri ya chenga kuanzia. Angalia bafa yako kwenye mwanga, ikiwa na ukungu ushajua. Na usidhani kwa sababu umetia kidonge basi pH imekuwa 7.2, kidonge kimetengenezwa kwa maji ya distili, kwenye maji ya kisima yenye baikaboneti kinazidiwa nguvu.

Hapo kwenye pH kuna dhana nyingine ya kurekebisha. Wengi wanafikiri pH inabadilisha rangi yenyewe ndani ya chupa. Kwa hizi pH za karibu na 7 azuri inabaki chanya na eosini inabaki hasi, hazibadiliki sana. Kinachobadilika ni damu. Protini zikiwa kwenye maji yenye asidi zinakuwa na chaji chanya zaidi, zinaita eosini, slaidi inakuwa nyekundu na kromatini inafifia. Maji yakiwa na alkali nyingi protini zinakuwa hasi zaidi, azuri inajazana kila mahali, kila kitu bluu, kimelea kinapotelea humo humo. 7.2 ndo pale kimelea kinatoka na saitoplazimu (mwili wake unaozunguka kiini) ya bluu na kromatini nyekundu ya zambarau, na kwa vivax na ovale, aina mbili za vimelea vya malaria, zile nukta za Schüffner kwenye chembe ya damu yenye kimelea zinaonekana pia. Kwa hiyo kama slaidi zako zina chenga NA zimekuwa bluu kupita kiasi, maji yana mashtaka mawili.

Tafuta maji ya distili kwa ajili ya bafa tu, lita moja unaenda nayo muda. Yakikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa safi, baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza kwanza, yakachujwa, ni bora mara nyingi kuliko kisima cha chumvi. Kuchemsha kisima kunapunguza kidogo ugumu wa maji lakini chumvi inabaki yote, usitegemee hilo. Halafu pima pH kila unapotengeneza bafa, mita kama ipo na imekalibriwa, kama hakuna basi karatasi za kipimo zile zenye hatua ndogo ndogo, zile za kuruka namba nzima hazitakusaidia.

Swali la 10% au 3% nakupa maoni yangu. 10% inakaa dakika kama 10, ni ya mgonjwa anayesubiri nje, ina rangi nyingi na chenga zinakuja haraka. 3% inakaa dakika 30 mpaka 45, rangi ni chache majini kwa hiyo zinagandana taratibu, slaidi inatoka safi zaidi, na stoki inatumika kidogo kwa slaidi nyingi. Mimi kama zimekusanyika slaidi zisizo za haraka nachagua 3% bila kufikiria mara mbili. Ila wewe uko peke yako na wagonjwa wanakuja mmoja mmoja, kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa asubiri dakika 45 ni ngumu, basi 10% iliyotengenezwa muda huohuo inatosha kabisa. Muda kamili fuata mwongozo wa maabara yenu, na chupa mpya ikija jaribu kwanza kwenye slaidi unayoijua majibu yake.

Kuosha nako kunaharibu watu wengi. Muda ukiisha USIMWAGE rangi kwanza halafu ndo uoshe, ukiiinamisha slaidi ule utando wa juu unashuka unakwenda kulala juu ya damu yote. Mimina maji ya bafa taratibu kutokea pembeni rangi ikiwa bado juu, utando uelee utoke wenyewe, halafu ndo uinamishe. Tone nene, yaani damu iliyorundikwa kwenye slaidi bila kutandazwa, halipendi maji ya kasi, litang'oka. Na vioo visiwe na vumbi wala alama za vidole.

Kuzitofautisha wakati umeshakaa kwenye hadubini: chenga ni ya rangi moja, zambarau nyeusi, haina ile bluu na nyekundu kwa pamoja, ukubwa haueleweki, na ukizungusha fokasi kidogo inakaa juu ya chembe za damu, sio kwenye usawa mmoja nazo. Kimelea lazima uone vyote viwili, saitoplazimu na kromatini. Ukiona doti jekundu peke yake, usihesabu. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko macho yangu ni hiki, chukua slaidi safi isiyo na damu, ipake rangi sawasawa na za wagonjwa, muda uleule, kuosha kulekule, halafu iangalie na lenzi ya mafuta. Ikiwa na vidoti, hivyo ni vya rangi, mgonjwa hahusiki.

Slaidi iliyokwisha kujaa chenga kuiokoa ni kazi. Methanoli inayeyusha chenga kweli, kama nilivyoeleza, lakini inaondoka na rangi ya kimelea pia, kwa ile nyembamba (damu iliyotandazwa) unaweza kuosha haraka na kuipaka upya, kwa tone nene sikushauri. Mchome mgonjwa tena kidole umuombe radhi, ni haki yake. Na methanoli ni sumu, inapofusha na inashika moto haraka, isikae karibu na jiko la spiriti.

Kuna mahali maneno yangu yanaishia. Ukishafanya slaidi tupu kwa stoki iliyochujwa, bafa ya maji ya distili yenye pH 7.2 uliyoipima, na rangi iliyochanganywa dakika hiyo, na bado vidoti vipo, au slaidi ya damu unayojua ina vimelea haitoi kromatini nyekundu, hapo stoki imekwisha kuharibika, usihangaike nayo. Mpigie msimamizi wa maabara wa wilaya, mpelekee chupa na hizo slaidi mbili mkononi, aziangalie yeye kwenye hadubini yake, na zile slaidi za wiki hizi ulizotoa majibu ukiwa na mashaka zipeleke zikasomwe upya na mtu wa pili. Hiyo sio aibu, ndo utaratibu wenyewe. Kwa sasa, mpaka utulie, mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, itumie sambamba, ukikumbuka tu ile inayotafuta HRP2, protini ya kimelea, inaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Na akija mtoto anayedegedeka au mtu aliyepoteza fahamu, asisubiri rangi yako wala yangu, mwite mganga muda huohuo aanze kumhudumia na rufaa iandaliwe, slaidi itasomwa baadaye.

Hiyo slaidi tupu ifanye kesho asubuhi kabla hujampokea mgonjwa wa kwanza. Fanya mbili: moja kwa maji ya kisima, moja kwa maji ya distili, chupa ileile bila kutikisa. Ya kisima ikichafuka na ya distili ikawa safi, chupa yako ni nzima na ulichokuwa unahitaji ni maji.